Tangi la petroli lililotoboka halichomelewi, linabadilishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na wenye magari ya zamani, na zaidi na mafundi wanaoyafufua, kuhusu kifaa kisichoonekana katika picha ya gari lolote lililong'arishwa: tangi la mafuta. Gari la miaka ya sitini likifanyiwa matengenezo upya, fedha ya kwanza huenda kwenye rangi, ya pili kwenye viti, ya tatu kwenye kromu za bampa. Tangi husubiri zamu ya mwisho, na zamu hiyo ikifika mfuko umeshatoboka kama tangi lenyewe. Ndipo linapobebwa begani kupelekwa kwa mchomeleaji.

Nitatumia Volkswagen Beetle kuwa mfano. Gari hili linajulikana kwetu tangu mashindano ya Safari yalipopita Kenya, Uganda na Tanganyika, likashinda mwaka 1954, 1957 na 1962, na hadi leo yapo mengi yanayofufuliwa. Lakini sababu kubwa ni mahali tangi lake lilipo: mbele, chini ya boneti, hatua moja kutoka kwenye magoti ya dereva. Kosa la milimita moja kwenye tangi la gari hili linaingia moja kwa moja chumba cha abiria.

Nianze na kuchomelea, maana hapo ndipo watu wanapokufa. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa. Petroli ikiwa kimiminika haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, na mchanganyiko huo hulipuka mvuke ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi. Katika tangi lililojaa, nafasi iliyobaki juu ni ndogo na mvuke wake ni mwingi mno kushika moto ndani. Tangi lililomwagwa lina lita 40 za hewa, na kijiko kimoja cha chai cha petroli iliyobaki kwenye mshono chatosha kuigeuza hewa yote hiyo kuwa baruti. Mafundi wengi wanalijua jambo hili nusu, ndiyo maana hujaza maji kwanza, au huingiza moshi wa ekzosi. Maji yakiachwa chini ya tundu linalochomelewa, nafasi iliyobaki juu bado ina mvuke. Moshi wa ekzosi bado una oksijeni, na hakuna kifaa gereji cha kuipima. Isitoshe, ndani ya tangi la miaka hamsini kuna utando wa petroli iliyoganda na kutu yenye vinyweleo. Unaweza kulisafisha kwa sabuni mara tatu likawa halinuki, kisha joto la gesi likaitoa petroli iliyofichika humo.

Na hata likichomelewa salama, hujapata tangi. Tundu unaloliona limeliwa kutoka ndani, ambako maji hutuama chini ya petroli, kwa kuwa maji ni mazito zaidi. Bati linalozunguka tundu hilo limebaki jembamba kama karatasi. Ukiunga hapa, joto huunguza kinga ya ndani, na baada ya msimu mmoja wa mvua linavuja sentimita mbili kando. Gundi za epoksi ni za kukufikisha nyumbani, si za kuishi nazo.

Basi tangi linunuliwe jipya. Matangi mapya ya Beetle bado yanatengenezwa, na kwa kuyaangalia unaweza kudhani yote ni sawa. Si sawa. Gari la kabla ya mifano ya 1961 lina umbo lake la tangi. Lile la 1961 hadi 1967 ni bapa zaidi, na mdomo wake wa kujazia uko juu ya tangi lenyewe, chini ya boneti. Kuanzia Agosti 1967, yaani mfano wa 1968, mdomo ulihamia nje, kwenye ubavu wa mbele wa kulia wenye kifuniko chake, na tangi likaongezewa njia za kupumulia. Kisha kuna aina za Beetle zinazoitwa 1302, iliyoanza Agosti 1970, na 1303, iliyofuata Agosti 1972, zenye mbele tofauti kabisa na tangi lao peke yake. Usiagize kwa jina la gari. Agiza kwa mwaka na namba ya chesisi, halafu tangi likifika liweke sambamba na la zamani kabla hujalipaka chochote: pima umbali wa pembe hadi pembe, upana wa ukingo unaokalia bodi, mahali pa mdomo, mahali pa kipimio (kifaa cha ndani ya tangi kinachopima mafuta), mahali pa tundu la kutolea petroli. Tofauti ya milimita 5 kwenye ukingo inatosha kuzifanya klipu za kubana zisifike.

Klipu hizo, Ndugu Mhariri, ni nne, pamoja na bolti zake, na tangi jipya kwa kawaida haliji nazo. Fundi anayetupa tangi la zamani siku ya kwanza hutupa na klipu, chujio la chini, na wakati mwingine kipimio kizima. Tangi la zamani libaki pembeni mpaka gari litembee.

Kulitoa si kazi ngumu, ila mahali pa kulitolea ndipo penye mtihani. Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa, hivyo hauruki juu ukapotea. Unatambaa chini kama maji na kutafuta mahali pa chini kabisa. Usimwage petroli gari likiwa juu ya shimo la gereji, hata kama ndiko unakofanyia kazi zote. Shimo litajaa mvuke na hakuna atakayeuona. Gari liwe nje, mahali penye upepo, mbali na anayechomelea na mbali na jiko la mkaa la mama lishe. Mtungi wa kuzimia moto wa poda kavu uwe umbali wa mkono; ndoo ya maji haisaidii, kwa sababu petroli huelea juu ya maji na kusambaa nayo ikiwaka.

Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma. Toa kwanza waya wa hasi. Mbele, toa tairi la akiba na kitambaa kinachofunika tangi. Chini ya gari, karibu na silinda kuu ya breki, kuna mpira mfupi unaounganisha tangi na bomba la chuma linalopita ndani ya handaki la katikati ya gari. Banisha mpira huo kwa koleo la kubana, uchomoe mwisho wake, upokee petroli kwenye debe la chuma, si beseni la plastiki, kwa kuwa plastiki hujenga umeme tuli. Usiruke hatua hii kwa kudhani utalinyanyua tangi na mafuta yake: lita 40 za petroli zina kilo 30 hivi, nazo huyumba. Kisha fungua nyaya za kipimio, mpira wa mdomo kwenye magari ya 1968 na kuendelea, na bolti nne kwa spana namba 13. Kama bolti zimewahi kubadilishwa unaweza kukuta namba nyingine.

Tangi likiwa nje, usikimbilie kuingiza jipya. Shimo lililobaki litakuonyesha mambo usiyoweza kuyaona wakati mwingine wowote: sanduku la usukani na kiunganishi chake cha mpira, mabomba ya breki, na ukingo wa bodi ambao tangi hulalia. Ukingo huo huoza kwa sababu moja: ukanda wa zamani uliowekwa kati ya tangi na bodi hunywa maji na kuyakalia kama sifongo. Kwetu pwani, penye chumvi hewani, nimeona ni kawaida ukingo kuwa na hali mbaya kuliko tangi. Kwangua, piga msasa, paka praima ya kuzuia kutu, paka rangi, acha ikauke kweli. Ukanda mpya uwe wa sponji isiyofyonza maji. Namna ya kuijaribu ni rahisi: kata kipande, kizamishe katika glasi ya maji kwa saa moja, kikamue. Kikitoa maji, hakifai.

Sasa tangi jipya lenyewe. Ni jipya, lakini si safi. Ndani lina mafuta mepesi ya kiwandani, pengine na vumbi la chuma, na kama lilisafiri baharini kontena likitoka jasho, lina kutu ya juujuu. Mulika ndani kwa tochi. Tia lita 2 za petroli safi, ziba, litikise pande zote, umwage kupitia kitambaa cheupe. Rudia mpaka kitambaa kibaki cheupe. Usilioshe kwa maji. Na usilipake dawa za kufunika ndani zinazouzwa kwa ajili ya matangi yaliyooza: kwenye bati jipya laini lenye mafuta hazishiki, na baada ya muda hubanduka vipande vinavyokwenda kuziba chujio.

Kupima kama linavuja, watu huchukua kompresa. Hapana. Bar 1 ni kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Kwenye bati la sentimita 50 kwa 50 hiyo ni tani mbili na nusu zikisukuma. Tangi litavimba kama mto wa kulalia na halitakaa tena kwenye ukingo wake. Pumzi ya mdomo kupitia mpira, pamoja na povu la sabuni kwenye mishono na kwenye shingo ya mdomo, inatosha kabisa. Au tia lita 5, liweke juu ya karatasi kavu usiku mzima, ukiligeuza kulalia mshono tofauti kila baada ya saa chache.

Rangi nyeusi linalokuja nayo ni ya kulisafirishia tu. Piga msasa wa namba 400, paka praima na rangi mbili nyembamba, hasa chini na chini ya ukingo. Acha sehemu moja ndogo bila rangi, mahali pa kufungia waya wa ethi, ule wa kahawia unaounganisha tangi na bodi.

Waya huo una kisa kirefu, kwa sababu ndio unaorudisha magari mengi gereji baada ya tangi kubadilishwa. Beetle za hadi mfano wa 1961 hazikuwa na geji. Zilikuwa na bomba la akiba linalogeuzwa kwa mguu. Za 1962 hadi 1967 zina geji ya kamba, isiyohusiana na umeme. Kuanzia mfano wa 1968 geji ni ya umeme, na kipimio chake ndani ya tangi hutoa ukinzani wa omu 73 hivi tangi likiwa tupu na omu 10 hivi likiwa limejaa. Tangi la zamani lililochakaa lilikuwa likigusana na bodi mahali pengi, na geji ikafanya kazi hata waya wa kahawia ulipokatika. Tangi jipya limepakwa rangi, limekalia sponji, halijagusana na bodi popote. Bila waya wa kahawia kufungwa vizuri, geji itasoma sifuri tangi likiwa pomoni, na fundi ataanza kubadilisha geji ya dashibodi isiyo na kosa. Kabla ya kukifunga kipimio, kishike mkononi, weka mita kwenye omu, pandisha floti (boya lake) polepole. Namba zishuke bila kuruka. Zikiruka, kibadilishe sasa. Hakikisha pia floti haigusi sakafu ya tangi wala ukuta wake. Vipimio vipya hupinda njiani.

Kipimio hushikwa na skrubu tano zisizopangwa kwa umbali sawa, ili kikae kwa upande mmoja tu. Kama matundu hayalingani, usilazimishe, kizungushe. Gasketi iwe ya mpira unaostahimili petroli au koki mpya (ile ya vizibo vya chupa), ikiwekwa kavu. Silikoni ya kawaida ya gereji isisogee hapa: petroli huivimbisha na kuilainisha, kisha vipande vyake hudondoka ndani na kulala juu ya chujio. Gari litatembea vizuri mjini na kukata mafuta likipanda mlima, na hakuna atakayekumbuka silikoni.

Chujio dogo la wavu na kiunganishi cha kutolea petroli vifungwe tangi likiwa bado mezani, pamoja na ringi mpya ya kuzibia. Likishaingia garini, pale mkono haufiki vizuri. Kaza kwa kiasi: uzi wa skrubu uko kwenye bati lililochomelewa, ukiupindua umeliua tangi jipya. Vaa na mpira wake kabisa, ili chini ya gari ubakiwe na mwisho mmoja tu wa kuunganisha.

Mipira ndiyo sehemu ambayo sitaacha kuirudia. Tangi jipya kwenye mipira ya zamani ni kazi isiyofanywa. Mpira uliofunikwa kitambaa huonekana mzima kwa nje huku ndani umepasuka; upinde kidogo uangalie mwisho wake. Na ukishakauka bila petroli kwa miezi ya matengenezo, hauwezi kurudi hali yake. Nunua mpira wa petroli wa daraja la SAE J30 R9, unaovumilia petroli ya sasa na ile yenye ethanoli. Wasomaji walioko Uingereza, ambako E10 (petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10) ni ya kawaida tangu 2021, wasikubali chini ya hapo. Tundu liwe milimita 5 hadi 5.5, baada ya kulipima bomba la chuma kwa venia (kifaa cha kupimia kipenyo). Madukani utapewa wa robo inchi, ambao ni milimita 6.35. Utaingia kwa raha, na raha hiyo ndiyo uvujaji wake, kwani klipu haiwezi kuondoa pengo, inaukunja tu mpira. Klipu nazo ziwe zile za ukanda laini zenye skrubu na nati. Zile zenye matundu ya meno huukata mpira mdogo.

Bomba la ndani ya handaki lipulizwe kutoka nyuma kwenda mbele, likiwa limechomolewa pande zote mbili, likitoa kwenye kitambaa. Kisha lizibwe upande mmoja na kuwekewa petroli kwa saa kadhaa. Likipungua, petroli inaingia handakini, chini ya miguu ya abiria, na tangi jipya halijaponya kitu.

Filta ya plastiki iliyoning'inizwa kati ya pampu na kabureta, juu ya injini, iondolewe leo hii. Uzito na mtikisiko wake huvuta kijibomba cha shaba nyeupe kilichopigiliwa kwenye mfuniko wa kabureta mpaka kinachomoka, na petroli inayosukumwa na pampu inamwagikia injini ya moto. Beetle nyingi zilizoungua, moto ulianzia hapo. Filta iwe ya chuma, na mahali pake ni mbele, chini ya tangi, kabla ya handaki. Ibadilishwe baada ya kilomita 100 za kwanza, kwa kuwa ndizo zitakazoleta takataka zilizobaki.

Wakati wa kulishusha tangi, bolti zote nne zishike kwa mkono kwanza, halafu zikazwe kwa zamu, pembe kwa pembe, mpaka sponji ibanwe sawa. Ukikaza moja hadi mwisho, ukingo unapinda. Kwenye magari yenye mdomo wa nje, mpira mnene wa shingo usukumwe mpaka mwisho kabla ya kubana klipu, na vijipira vya kupumulia visipindwe. Vikibanwa, au ukifunga mfuniko usio na tundu la hewa kwenye gari linalohitaji mfuniko wenye tundu, gari litakata baada ya kilomita 20 au 30, ukifungua mfuniko litavuta pumzi kwa sauti, kisha litawaka tena kana kwamba halina kasoro. Bati jipya huweza hata kubonyea kwa ndani.

Kujaza kufanywe kwa awamu. Lita 5, subiri, pangusa kila kiungo kwa karatasi nyeupe. Kisha ongeza kumi kumi, ukiandika geji inasoma wapi kila mara. Mwisho lijaze hadi juu na uliache usiku mzima, pua ya gari ikiwa imeinama kidogo. Wengi huacha kwenye nusu tangi na kumkabidhi mwenye gari. Kipimio na mpira wa shingo viko juu. Havilowi mpaka tangi lijae, na siku ya kwanza litakapojaa itakuwa kituo cha mafuta, familia ikiwa ndani. Asubuhi ingia garini kabla ya kufungua dirisha, unuse. Kama kuna harufu, gari halijaisha.

Naliomba gazeti lako, likiandika tena kuhusu magari ya zamani, limuulize fundi lilipo tangi la awali na mipira ilibadilishwa lini, kisha liendelee na habari za rangi. Na kwa mwenye gari: tangi lako la zamani litobolewe matundu makubwa kwa patasi ya shaba au likatwe kwa mkasi wa bati baada ya kukaa wazi juani siku nyingi, kamwe si kwa gurudumu la kukatia lenye cheche, ili asije mtu akaliokota na kulipeleka kwa mchomeleaji.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa magari ya zamani,
Tanga